Kwa nini kampuni kubwa za gemu zinakimbilia gemu zisizoisha na kuziweka pembeni za stori

Mwaka 2023 gemu iliyouza kuliko zote duniani ilikuwa Hogwarts Legacy ya Warner Bros. Ni gemu ya mtu mmoja, unakaa mwenyewe na pedi yako unacheza stori mwanzo mwisho, hakuna pasi ya msimu, hakuna mambo ya kusubiri wenzako waingie onlaini, na iliuza kopi zaidi ya milioni 22 mwaka huo huo. Februari 2024 kampuni hiyo hiyo ikaleta Suicide Squad: Kill the Justice League, hii ya laivu, ya kucheza na wenzako na kuletewa msimu baada ya msimu, ikaanguka vibaya mno, na hesabu zilipokuja kutoka zikaonyesha hasara ya dola milioni 200. Mtu wa kawaida angesema haya, somo limeeleweka, turudi kwenye stori. Lakini mwezi uliofuata, Machi 2024, wakati kila mtu ameshaona Suicide Squad imefeli, JB Perrette, bosi wa Warner aliyekuwa anasimamia striming na gemu, akawaambia wawekezaji kwamba mwelekeo wao ni kuongeza gemu za laivu, za bure na za kwenye simu.

Ukiangalia juu juu unaona kama hawa jamaa wamechanganyikiwa. Hawajachanganyikiwa. Kuna hesabu nyuma ya uamuzi huo, na hesabu yenyewe kuna sehemu iko sawa kabisa na kuna sehemu ina tobo kubwa sana, na nataka tuipitie taratibu kwa sababu sisi tunaopenda gemu za stori tumezoea kusema tu "tamaa hiyo" halafu basi, na tukiishia hapo hatuelewi kwa nini studio tulizozipenda zinafungwa moja baada ya nyingine.

Kwanza tuelewane maana. Gemu ya laivu ni ile ambayo haijatengenezwa iishe. Inaishi kwenye seva za kampuni, inaletewa apdeti kila baada ya wiki kadhaa, ina duka ndani ya kuuza skini (mwonekano mpya wa mhusika au silaha), kadi, silaha, pasi ya msimu, na mara nyingi kuingia ni bure. Fortnite, Free Fire, Call of Duty ya simu, Genshin Impact, zote kundi hilo. Gemu ya stori unainunua mara moja, unaimaliza, kama ni kali unairudia, imeisha. Ni tofauti kati ya kuuza simu na kuuza bando: simu mtu ananunua leo na wewe muuzaji unaweza usimuone tena miaka minne, ila bando ananunua kila siku na hata hakumbuki katumia ngapi mwezi mzima.

Sasa hesabu. Juni 2023 kule Marekani kulikuwa na kesi, serikali inataka kuzuia Microsoft wasiinunue Activision, wenye Call of Duty, na wapinzani wao Sony, wenye PlayStation, wakatakiwa kupeleka nyaraka mahakamani. Namba za siri zikafunikwa kwa kalamu ya maka nyeusi, halafu karatasi ziliposkaniwa namba zikawa zinasomeka chini ya wino. Ndivyo dunia ilivyojua kwamba The Last of Us Part II iligharimu dola milioni 220, na Horizon Forbidden West dola milioni 212. Mwisho wa mwaka huo mafaili ya Insomniac, studio nyingine ya Sony, yakavujishwa na wadukuzi, tukaona Spider-Man 2 imekula kama dola milioni 300. Gemu moja! Na kumbuka bei ya gemu dukani ilikaa dola 60 kwa miaka kama 15 hivi, toka enzi za Xbox 360, ndio ikapanda kuwa 70 mwaka 2020.

Chukua kampuni isiyo na duka lake. Gemu ya dola 70 inauzwa kwenye duka la Sony au Steam, duka linachukua kama asilimia 30, kampuni inabaki na dola 49. Kama umetumia milioni 300 kutengeneza, unahitaji kuuza kopi zaidi ya milioni 6 kwa bei kamili ili tu urudishe hela yako, hapo matangazo bado, na kama mhusika ni wa watu wengine kama Marvel na wao wanataka chao. Na kopi nyingi haziuzwi kwa bei kamili, watu wanasubiri ofa. Ukikosea gemu moja tu ya namna hii umepoteza miaka mitano ya studio nzima. Kwa hiyo bosi anayesema "stori ni hatari" hadanganyi, hapo yuko sawa.

Kingine ni soko la hisa. Hela ya gemu ya stori inakuja kwa kishindo mwezi wa kwanza halafu inashuka, na inayofuata ni mpaka miaka minne au mitano tena. Kampuni iliyoko sokoni inatoa hesabu kila robo mwaka na wenye hisa wanataka kuona mstari unapanda, hawataki mlima mmoja halafu jangwa. Gemu ya laivu inawapa hicho wanachokitaka. Ukisoma ripoti za Take-Two, wenye GTA, kuna fungu lao maalum linalohesabu matumizi yanayojirudia, yaani hela anayoendelea kulipa mtu ambaye gemu anayo tayari.

Na GTA ndio mfano unaoniuma zaidi. GTA IV ililetewa stori mbili nzima za nyongeza, zenye wahusika wapya na mji ule ule ukiwa na sura nyingine. GTA V imetoka Septemba 2013, mwezi uliofuata ikaja GTA Online, watu wakaanza kununua hela za ndani ya gemu kwa hela halisi, na stori ya nyongeza ya Michael, Franklin na Trevor haikuja kabisa mpaka leo. Gemu imeuza kopi zaidi ya milioni 200 na hakuna hata misheni moja ya nyongeza ya stori iliyouzwa. Sio kwamba walikosa hela ya kuitengeneza. Watu walewale wangekaa mwaka mzima kutengeneza kitu cha kuuzwa mara moja, wakati upande wa pili gari moja jipya la onlaini linaleta hela wiki hiyo hiyo.

Halafu kuna EA, wenye gemu ya mpira ya FIFA ambayo siku hizi inaitwa EA FC, na Ultimate Team yao, sehemu ya kujenga timu kwa kadi za wachezaji. Katika mwaka wa fedha ulioisha Machi 2021 EA waliingiza dola bilioni 1.62 kutoka Ultimate Team, ambayo ipo kwenye magemu yao kadhaa ya michezo ila mzigo mkubwa unatoka kwenye mpira. Hapo hujahesabu bei ya gemu yenyewe! Unanunua pointi kwa hela halisi, unanunua paketi kwa pointi, unafungua. Na angalia inavyofunguka: taa kwanza, halafu bendera ya nchi, halafu namba anayocheza, halafu nembo ya klabu, ndipo mchezaji anatokea. Ukiona bendera ya Ureno moyo unadunda, ikija nafasi ya beki wa kulia umeishiwa nguvu. Zile sekunde chache ndizo zinazouzwa. EA wenyewe wanaandika uwezekano wa kupata, na kwa kadi kali mara nyingi utaona imeandikwa chini ya asilimia 1. Ubelgiji walisema mwaka 2018 hii ni kamari, na mwanzoni mwa 2019 EA wakaacha kuuza pointi nchi ile. Na ikifika Septemba gemu mpya inatoka, timu uliyoijenga mwaka mzima inabaki kule, unaanza upya.

Hapa na sisi Afrika Mashariki tumo, ila kwa njia ya ajabu kidogo. Ukienda kibanda cha gemu chochote Dar, Mombasa, Kampala, watu wanacheza mpira kwenye PS kwa kulipia mechi, pedi mbili, aliyefungwa anapisha. Kile kibanda kimenunua gemu mara moja, au kimepata ya kuchakachuliwa, na mamia ya vijana wanaicheza mwaka mzima bila kununua paketi hata moja. Kwa wale jamaa wa hesabu, kibanda kizima hakionekani kwenye ripoti. Kwa hiyo wanapokaa kuamua gemu ijayo iboreshwe wapi, mechi ya watu wawili waliokaa benchi moja haina mtetezi kwenye kile chumba.

Angalia kilichoipata PES, ile gemu ya mpira ya Konami. PES ndiyo ilikuwa gemu yetu, na ndani ya PES kulikuwa na Master League, unaanza na kina Castolo, Minanda na Ivarov, wachezaji ambao hawapo duniani, unaipandisha timu msimu kwa msimu, unanunua, unauza, unalea vijana, yote oflaini bila bando hata kidogo. PES 2021 ikawa ya mwisho. Tarehe 30 Septemba 2021 Konami wakaileta eFootball, ya bure, ya laivu, na Master League haikuwemo. Siku ile nyuso za kina Messi zilitoka za kutisha, maoni ya wachezaji pale Steam yakaishusha mpaka chini kabisa ya orodha, na Konami wakaomba radhi hadharani. Wakasema Master League itakuja baadaye kama nyongeza ya kulipia, miaka ikakatika watu wanasubiri. Lakini kibiashara walipata walichokitaka, walitangaza kwamba eFootball imedaunlodiwa zaidi ya mara milioni 750, nyingi kwenye simu, na zile kadi wanazouza zinaleta hela kuliko CD iliyokuwa inakopiwa mtaa mzima. Mimi naelewa kabisa kwa nini walifanya. Bado naona tumenyang'anywa kitu, kwa sababu kijana asiye na bando la kutosha alikuwa na gemu kamili na sasa ana gemu ambayo karibu kila kitu ndani yake kinataka intaneti. Ndio maana mpaka leo utakuta watu wanahangaika na PES za zamani, wanapachika jezi za Simba na Yanga wenyewe, wanapeana mafaili kwa flashi.

Haya, mpaka hapo hesabu ya mabosi inaonekana imesimama. Tobo liko wapi?

Tobo ni muda. Gemu ya stori inashindania hela yako, gemu ya laivu inashindania jioni zako zote. Mimi naweza kununua gemu tano za stori kwa mwaka nikamaliza zote, ila siwezi kuwa na gemu tano za laivu, hakuna binadamu mwenye masaa hayo, kila moja inataka uingie kila siku, umalize misheni za wiki, uimalize pasi kabla msimu haujafungwa. Kampuni ya utafiti ya Newzoo iliangalia mwaka 2023 watu wa PC na konsoli walicheza nini, ikakuta asilimia 60 ya muda wote ulienda kwenye gemu zenye umri wa miaka sita au zaidi, na gemu tano tu, Fortnite, Roblox, League of Legends, Minecraft na GTA V, zilichukua asilimia 27. Yaani unapotoa gemu mpya ya laivu leo hushindani na gemu mpya nyingine, unajaribu kumtoa mtu kwenye gemu ambayo ameshawekeza miaka sita, skini zake ziko kule, marafiki zake wako kule. Kwa nini ahame?

Sony wamelipa bei ya swali hilo kuliko mtu yeyote. Hawa ndio waliojenga jina kwa stori, God of War, Uncharted, The Last of Us. Mwaka 2022 wakainunua Bungie, watengenezaji wa Destiny, kwa dola bilioni 3.6, na wakasema wana mpango wa gemu zaidi ya kumi za laivu kufikia Machi 2026. Novemba 2023 wakapunguza, wakasema kati ya 12 ni sita tu zitawahi. Desemba, Naughty Dog, studio yao, wakaifuta ile ya onlaini ya The Last of Us waliyoifanyia kazi miaka, na maelezo yao yalikuwa ya wazi kuliko nilivyotegemea: kama wangeitoa, studio nzima ingebidi iihudumie kwa miaka mingi mbele, na stori za mtu mmoja ndio basi tena. Walitakiwa kuchagua, wakachagua stori.

Halafu ikaja Concord, ya laivu, ya Sony hao hao. Ilitoka tarehe 23 Agosti 2024, dola 40, ya kupigana watano kwa watano, sokoni kukiwa na Overwatch 2 na Valorant ambazo ni bure. Steam watu wengi zaidi waliowahi kuwa ndani kwa wakati mmoja ni 697. Tarehe 6 Septemba ikazimwa, wiki mbili tu, kila aliyenunua akarudishiwa hela, na mwisho wa Oktoba studio iliyoitengeneza, Firewalk, ikafungwa. Watu walikuwa na miaka mingi ndani ya ile kazi. Na hapa kuna jambo ambalo hesabu ya mwanzo huwa hailisemi: gemu ya stori ikifeli siku ya kwanza bado ipo, mwaka kesho inauzwa nusu bei, mwaka wa tatu inatolewa kwenye huduma ya kulipia kwa mwezi, miaka kumi baadaye bado kuna mtu anaigundua na kuipenda. Gemu ya laivu ikikosa watu haichezeki kabisa, hata aliyeinunua kwa mapenzi yake hawezi kupata mechi, na seva zinaendelea kula hela. Walikimbia hatari ya stori wakaenda kwenye hatari kubwa zaidi, isipokuwa huku anayeshinda anashinda sana.

Maana wapo wanaoshinda kweli, siwezi kuficha hilo. Helldivers 2, hiyo hiyo ya Sony, imetengenezwa na Arrowhead wa Sweden, ilitoka Februari 2024 kwa dola 40 na ikauza kopi milioni 12 ndani ya wiki 12, na ni gemu tamu, wametulia na watu wao, wamejenga vita moja ambayo wachezaji wote duniani wanapigana pamoja. Shida ni kwamba bosi akiiona Helldivers 2 anasema "na sisi tutengeneze kama hiyo," wakati Arrowhead wamekuwa wakitengeneza gemu za kucheza na marafiki tangu waanze. Ni fani yao. Ukiwachukua BioWare, watu wa Mass Effect, ukawaambia watengeneze Anthem ya laivu, unapata kile kilichotokea 2019, ikaanguka. Ukiwachukua Rocksteady, waliofanya Batman: Arkham, unapata Suicide Squad. Mwandishi mzuri wa stori hageuki kuwa mjuzi wa misimu na duka la ndani kwa sababu tu kikao kimeamua.

Na kinachonikera kuliko vyote ni namna wanavyohukumu. Oktoba 2024 EA walitoa Dragon Age: The Veilguard, gemu ya stori, ambayo kabla ya hapo walikuwa wameipeleka kwenye muundo wa wachezaji wengi halafu wakairudisha tena kuwa ya mtu mmoja, miaka imepotea humo katikati. Ilifikia wachezaji milioni 1.5 katika robo ile, karibu nusu pungufu ya walichotarajia. Bosi wa EA, Andrew Wilson, Februari 2025 akawaeleza wawekezaji kwamba wachezaji siku hizi wanataka zaidi mambo ya ulimwengu wa pamoja. Yaani stori ikifeli, lawama ni kwamba watu hawataki stori. Laivu ikifeli, wanasema soko lilikuwa gumu, tulikosea wakati, tujaribu tena. Upande mmoja unahukumiwa aina nzima, upande wa pili inahukumiwa gemu moja tu. Kwa kipimo hicho stori haiwezi kushinda hata siku moja, hata ikileta ushahidi gani.

Na ushahidi upo. Baldur's Gate 3 ya Agosti 2023 haina duka la ndani, ikazoa tuzo zote kubwa. Black Myth: Wukong ya China, Agosti 2024, kopi milioni 10 kwa siku tatu. Clair Obscur: Expedition 33, Aprili 2025, imetengenezwa na studio ndogo ya Montpellier kule Ufaransa, bei nafuu kuliko gemu kubwa, ikauza milioni 3.3 kwa siku 33 na Desemba ikabeba tuzo ya gemu bora ya mwaka. Larian, Game Science na Sandfall, waliozitengeneza hizo, hakuna hata mmoja aliyeko chini ya zile kampuni kubwa za Marekani zinazosomea wenye hisa hesabu kila robo mwaka. Hiyo kwangu inaeleza mengi. Pia hawakutumia dola milioni 300, na nadhani hapo ndipo kampuni kubwa zingeanza kujiuliza, stori lazima iwe na bei ile? Kila jani ling'ae vile? Wachezaji hatujawahi kudai hivyo.

Jambo la mwisho ni umiliki. Machi 2024 Ubisoft walizima seva za The Crew, gemu ya magari ya 2014, watu walioinunua kwa hela zao, wengine wana CD mkononi, wakawa hawawezi kuicheza hata peke yao, kwa sababu ilitengenezwa isifunguke bila seva. Anthem nayo imezimwa Januari 12, 2026. Kutokana na ile ya The Crew kukaanzishwa kampeni ya Stop Killing Games, na Julai 2025 ombi lao kwa Umoja wa Ulaya likavuka saini milioni 1. Hawaombi seva ziwashwe milele, wanaomba tu gemu iliyouzwa iachwe katika hali ya kuchezeka kampuni inapoondoka. Kampuni zimekuwa zikijibu kwamba kiufundi ni ngumu na ni gharama. Lakini Oktoba 2025 Ubisoft hao hao, baada ya kelele zile, waliiwekea The Crew 2 uwezo wa kucheza oflaini, gemu ya 2018 ambayo nayo ilijengwa ya kuwa onlaini muda wote.